Dakika Kumi Mbele ya Mwenye Makuta

Ilikuwa mwezi wa kwanza, katika chumba cha mkutano huko Ibanda, saa nne ya asubuhi. Kooperative kadhaa za kahawa zilialikwa, na kila moja ilipewa dakika kumi za kusimama mbele ya watu watatu: wawili wa taasisi ya mikopo na mmoja mnunuzi aliyetoka nje ya inchi. Prezida wa kooperative moja ya upande wa Kalehe akasimama. Ni mzee anayeheshimiwa, suti yake imepigwa pasi vizuri, sauti yake inasikika mpaka nje. Akasalimia wakubwa wote kwa majina na vyeo. Akasimulia historia ya kooperative tangu ilipozaliwa. Akaingia katika vita, magonjwa ya mimea, barabara mbovu, wajane na yatima. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Zilipobaki dakika mbili akamaliza kwa kusema kooperative inaomba "kusaidiwa".

Mnunuzi akauliza swali moja tu: "Kwenu, kilo ngapi za serizi zinatoa kilo moja ya kahawa ya kusafirisha?"

Mzee akamtazama karani wake. Karani akafungua kompyuta. Kompyuta ikachelewa kuwaka. Watu wakaanza kutazama saa.

Nyuma, karibu na mlango, nilikuwa nimekaa na mama mmoja aliyekuja na ujumbe huo kubeba mifuko ya eshantiyo. Kazi yake kule kijijini ni kupima kahawa kwenye mizani ya stasio. Akaninong'oneza: "Sita na nusu." Hakuna aliyemuuliza. Tulipotoka nje akasema maneno ambayo sijayasahau: "Papa Prezida alisema muzuri sana. Lakini hakusema kitu."

Mkopo haukutoka. Mwezi wa tatu serizi zikaiva, stasio ikawa haina makuta ya kununua, na sehemu kubwa ya kahawa ya wanachama ikaondoka usiku kwa mitumbwi. Sitaji jina la kooperative hiyo, kwa sababu haikuwa peke yake siku ile. Pia kwa sababu hadithi yake ina kipande cha pili, nacho nitakifikia.

Ndugu wanachama, wengi wenu mtaitwa siku moja kusimama hivyo. Si lazima iwe Bukavu. Inaweza kuwa chini ya mti pale stasioni, mgeni ameshuka kwenye jipu na anataka kuondoka kabla ya mvua. Makala hii ni ya kuwasaidia kujitayarisha.

Kwa nini dakika hizo ni nzito

Mwenye maharagwe anaweza kuyaweka ndani akangojea bei ipande. Kahawa haingojei. Serizi nyekundu iliyochumwa asubuhi inatakiwa imenywe siku ileile, la sivyo inaanza kuchacha na ladha inaharibika. Kwa hiyo stasio lazima iwe na franga mkononi jioni ile mama anapofika na beseni kichwani. Lakini makuta ya mnunuzi yanakuja miezi mingi baadaye: kahawa ioshwe, ikaushwe juu ya meza wiki mbili au tatu, ikobolewe, ichambuliwe, ipate karatasi za ONAPAC (ile tuliyokuwa tunaita ONC), halafu ifanye safari ndefu mpaka bandari ya Mombasa. Katikati hapo kooperative inaishi kwa makuta ya mtu mwingine. Kama mtu huyo hakukuelewa mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu unabaki kutazama tu.

Na sisi wa kando ya ziwa tunajua kinachotokea pale stasio inapokosa makuta. Kwa miaka mingi wakulima wa Kalehe na Idjwi wamevuka ziwa Kivu usiku na mifuko yao kwenda kuuza Rwanda, mitumbwi imejaa kupita kiasi, bila taa. Wako waliozama. Familia nyingi hapa hazihitaji kusimuliwa.

Wakati Joachim Munganga alipoanzisha SOPACDI karibu na Minova, mwaka wa 2003, wakulima wengi wa milima ile walikuwa wanatoa kahawa yao kwa wachuuzi wadogo, wakati mwingine kwa kubadilishana na vitu vya nyumbani. Mwaka wa 2011 SOPACDI ikawa kooperative ya kwanza ya kahawa katika inchi yetu kupata cheti cha Fairtrade. Muungano, nayo ya Kalehe, ilianza mwaka wa 2009 na ikafuata njia hiyohiyo ya kutafuta wanunuzi wa ng'ambo. Ninawataja kwa sababu moja: cheti kama kile hakitolewi kwa hotuba. Wakaguzi wanasoma daftari, wanauliza wanachama mmojammoja, wanafuata kahawa kutoka shamba mpaka mfuko. Ni kusema kwamba kooperative ililazimika kwanza kujijua yenyewe. Iliyojijua, kusema mbele ya watu ni kazi ndogo.

Wengi mnakumbuka pia mashindano ya Saveur du Kivu, tuliyoyaona hapa Bukavu. Waonjaji hawaambiwi kahawa ni ya nani, wanaona kikombe chenye namba, wananusa, wanavuta kwa kijiko, wanatema, wanaandika. Kahawa ikifika alama 80 kwa 100 inaingia katika kundi la kahawa za pekee. Pale kahawa inajisemea yenyewe. Lakini kikombe hakisemi mna mifuko mingapi, mtaitoa lini, na mnahitaji makuta kiasi gani kabla ya kuitoa. Hayo lazima mtu ayaseme.

Kosa ambalo sisi mashirika tulisaidia kulipanda

Niseme ukweli, hata kama gazeti hili linatolewa na shirika la misaada. Ile hotuba ya mzee wa Kalehe, sisi ndio tuliomfundisha. Kwa miaka mingi kila aliyekuja na jipu alikuuliza: shida zenu ni zipi? Ulipozitaja nyingi, mradi ukaja. Ulipotaja chache, mradi ukaenda kwa jirani. Mtu akifundishwa hivyo miaka ishirini, akisimama mbele ya benki atafanya nini? Atataja shida.

Mwenye kukopesha hasikilizi kwa sikio hilo. Kila shida unayoitaja, kichwani mwake anaandika: sababu moja zaidi ya makuta yangu kutorudi. Si kwamba hana huruma. Ile franga anayokupa ni ya watu wengine walioiweka kwake, na atawajibishwa. Yeye anataka kujua vitu vitatu: mnaomba kiasi gani, kitafanya kazi gani, na kitarudi siku gani kutoka wapi. Mnunuzi ni mwingine tena. Anataka kujua mifuko mingapi, ubora upi, tarehe ipi, na kama mwakani mtakuwapo. Wote wawili mnaweza kuwaonyesha kahawa ileile, lakini msiwapelekee maneno yaleyale.

Vita na wajane mnaweza kuvitaja. Ni maisha yetu, na hakuna aibu. Ila vitajwe pale vinapoeleza hesabu. "Mwaka ule tulikusanya nusu ya kahawa kwa sababu barabara ilifungwa wiki saba, tangu hapo tumeweka depo ya pili karibu na ziwa." Maneno hayo yanaeleza vita na yanaeleza akili yenu kwa pamoja.

Hesabu ya kontena moja

Kabla ya kutafuta maneno, kaeni na kalamu. Ninawapa mfano, nanyi wekeni namba zenu.

Kontena ndogo ya futi 20 inabeba kwa kawaida mifuko 320 ya kilo 60, ni kusema kilo 19.200 za kahawa ya kijani. Tuseme kwenu kilo 6,5 za serizi ndizo zinatoa kilo moja ya kijani. Basi mnahitaji kilo 124.800 za serizi. Kama mko wanachama 500, ni karibu kilo 250 kwa kila mmoja. Hapo tayari mna swali la kujiuliza wenyewe kabla mtu hajawauliza: je, wanachama wetu wanaweza kweli kuleta kilo 250, au nusu yao wana miti ya babu isiyozaa tena?

Tuendelee. Tuseme kilo moja ya serizi mnainunua kwa senti 40 za dola. Serizi zote ni dola 49.920. Hayo ndiyo makuta yanayotakiwa yapite mikononi mwa wanachama toka mwezi wa tatu mpaka wa sita.

Sasa upande wa mauzo. Hapa watu wengi wanaanguka. Bei ya kahawa ya dunia haisemwi kwa kilo, inasemwa kwa ratili, ile pauni ya Waingereza yenye gramu 454. Kilo moja ni ratili 2,2 na kidogo. Mnunuzi akisema "dola mbili", mkulima anasikia dola mbili kwa kilo, anakasirika bure. Au mbaya zaidi, anafurahi bure katika hesabu nyingine. Ulizeni kila mara: kwa ratili ao kwa kilo?

Mwezi wa nane 2023, bei ya chini ya Fairtrade kwa arabika iliyooshwa iliwekwa dola 1,80 kwa ratili. Kontena yetu ina ratili 42.328 hivi. Ukizidisha unapata dola 76.190 na kidogo. Juu yake kuna senti 20 za premium kwa kila ratili, karibu dola 8.465, lakini hizo ni za kazi ambazo mkutano mkuu wa wanachama utaamua. Msizichanganye na makuta ya kulipa deni.

Toeni serizi: 76.190 kutoa 49.920 inabaki dola 26.270. Prezida mmoja akiona namba hiyo atasema, kumbe tuna faida! Hapana, papa. Bei ile ni ya kahawa iliyofika kwenye meli, siyo kahawa iliyo depo ya Bukavu. Katika zile 26.270 mlipe wafanyakazi wa stasio, mama wa kuchambua, mashua au lori, kukoboa, mifuko, karatasi na taksi zote, safari mpaka bandarini, mshahara wa mhasibu, riba ya mkopo. Andikeni kila moja na namba yake. Kitakachobaki mwisho ndicho mnachoweza kugawana au kuweka akiba. Kikiwa chini ya sifuri, afadhali mjue ninyi mkiwa kijijini kuliko kuambiwa na mgeni mbele ya watu.

Namba moja ya mwisho inayosaidia mazungumzo: kanuni za Fairtrade zinaruhusu kooperative imuombe mnunuzi makuta ya mbele mpaka asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Katika mfano wetu ni karibu dola 45.700. Pamoja na akiba kidogo ya kooperative, serizi karibu zote zimepatiwa makuta. Lakini haki hiyo haijitokezi yenyewe. Lazima mtu aiseme, akiwa amesimama wima, na aonyeshe kalenda ya wiki kwa wiki ya jinsi makuta yatakavyotumika. Msiombe yote siku moja. Makuta yote yakikaa depo toka mwezi wa pili, yanaleta wezi, na yanaleta mikopo ya kifamilia ambayo hairudi.

Namna ya kuzitumia dakika kumi

Salamu ni heshima, wala sisemi muiache. Lakini mkisema "itifaki imezingatiwa" mmeshawasalimia wote, kuanzia chifu mpaka dereva. Nusu dakika inatosha.

Sentensi ya kwanza baada ya salamu iwe ile ambayo mgeni angeibeba nyumbani hata kama angelala usingizi dakika tisa zinazofuata. Kwa mfano: "Sisi ni wakulima 500 wa Kalehe, tunatafuta dola 30.000 kwa miezi sita ili tununue serizi za kontena moja ambayo tayari ina mnunuzi." Mtu akisikia hivyo, kila kitu kinachofuata anajua pa kukiweka. Ukianza na mwaka kooperative ilipozaliwa, anabaki anajiuliza unaelekea wapi, na mtu anayejiuliza hasikilizi.

Baada ya hapo semeni kahawa yenu ni ipi na inatoka urefu gani wa mlima, mlikusanya na kuuza kiasi gani miaka iliyopita, hesabu ya kontena, kalenda ya kulipa, na jambo moja linaloweza kuharibika pamoja na mlichopanga kufanya likiharibika. Dakika saba au nane zinatosha, na zinazobaki ni za maswali. Asiyebakiza nafasi ya maswali anaonekana anaficha kitu.

Kuhusu projekta: ninajua vijana wetu waliosoma wanaipenda. Lakini moto wa SNEL mnaujua. Niliona kijana mmoja hapa Bukavu ametayarisha picha 30 zenye rangi, umeme ukakatika kwenye picha ya pili, na yeye akakatika nao. Karatasi kubwa ukutani, iliyoandikwa kwa kalamu nene, haina betri. Iwe moja tu, na namba tano au sita, herufi za kusomeka kutoka mlangoni. Halafu karatasi ndogo moja yenye namba zilezile kwa kila mgeni, aondoke nayo. Namba za ukutani na za karatasi ndogo zifanane. Mnacheka, lakini nimeona mara nyingi hazifanani, na mgeni hasemi kitu. Anafunga tu daftari lake.

Pelekeni pia kahawa yenyewe: kifuko cha parche, kifuko cha kijani, jina la stasio na tarehe. Na pelekeni daftari moja la kununulia serizi, lile lenye matope na alama za vidole. Daftari hilo lina nguvu kuliko picha 30. Mwenye kukopesha akilifungua mahali popote, akaona tarehe, jina, kilo, franga na sahihi, ameona mambo ambayo hotuba haiwezi kumwonyesha.

Nani aseme?

Kwetu desturi ni Prezida aseme. Sawa, afungue yeye. Lakini anayejua hesabu awe amesimama kando yake, na wote wawili wawe wamekubaliana mapema: maswali ya wanachama na sheria ni ya Prezida, maswali ya kilo na franga ni ya mhasibu au mpima mizani. Mzee kumpa mwenzake neno mbele ya wageni hakumpunguzii heshima. Wageni wanaona kooperative ambayo haikai kichwani mwa mtu mmoja, na jambo hilo linawatuliza kuliko mnavyofikiri, kwa sababu wanaogopa sana Prezida akiugua au akigombana na watu.

Na katika stasio nyingi anayejua kilo ni mama. Wao ndio wanachuma, wanabeba, wanachambua, na mara nyingi wanapima. Nilimuuliza yule mama wa Kalehe kwa nini hakusema jibu lake kwa sauti. Akanijibu: "Siye njo tunapimaka kila siku. Beye banasomaka tu karatasi. Lakini nani aliniita niseme?"

Lugha nayo ni jambo. Semeni lugha mnayoimudu. Kifaransa cha kuazima kwa siku moja kinakufanya uonekane hujui kazi yako, wakati kwa Kiswahili au Kihavu ungeieleza vizuri sana, na mkalimani angefanya kazi yake. Ila tahadhari na Kiswahili chetu wenyewe. Sisi hapa Bukavu tukisema "ninaenda kuuza chumvi", tunataka kusema kuinunua, na ile nyingine tunaita kuuzisha. Mtu wa Arusha, Nairobi au Mombasa anasikia kinyume kabisa! Ukimwambia "kooperative inauza serizi kwa wanachama", ataelewa kwamba mnawauzia wanachama wenu kahawa yao wenyewe. Mbele ya mgeni wa mashariki semeni "kununua" na "kuuzisha", hapo hakuna wa kupotea. (Mimi katika makala hii nimefuata Kiswahili cha vitabu, mtanisamehe.)

Mazoezi yafanyike stasioni

Hotuba ya kooperative isiandikwe na karani peke yake usiku wa mwisho katika nyumba ya wageni Nyawera. Iandikwe wiki mbili mbele, kijijini, na ijaribiwe mbele ya wanachama. Mwanachama ashike saa. Wengine wawe benki, wengine wawe mnunuzi, na wasiwe na huruma. Wanachama wanajua mahali panapouma. Watauliza ile mizani iliyoharibika ilitengenezwa lini, ule mkopo wa zamani uliishia wapi, kwa nini mwaka jana malipo ya pili hayakufika. Afadhali Prezida atoke jasho pale.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaihesabu. Wanachama wakisikia mapema ni kiasi gani kinaombwa na lini kitarudishwa, deni linakuwa lao. Mwezi wa nne mchuuzi atakapokuja na franga chache juu ya bei ya stasio, yule aliyesikia hesabu anajua akimpa serizi zake anaacha deni kwa mgongo wa jirani. Sisemi wote watakataa. Mtoto akiwa mgonjwa usiku, franga ya karibu ndiyo franga. Lakini aliyefichwa hesabu hana hata sababu ya kufikiri mara mbili.

Maswali ya kuumiza

Haya yatakuja, karibu kila mara, na kila moja lina njia yake.

"Wanachama wenu wanauza pembeni?" Msijibu hapana. Kila mtu anajua mitumbwi ipo. Semeni sehemu gani ya mavuno mnafikiri inapita pembeni, na kwamba sababu kubwa ni stasio kukosa makuta jioni, ambayo ndiyo shida mkopo huu unakuja kuitatua. Swali lililokuwa mtego linageuka kuwa hoja yenu.

"Mliwahi kushindwa kulipa deni?" Kama ndiyo, semeni ndiyo, kiasi gani, mwaka gani, kimebaki kiasi gani. Taasisi za mikopo mjini zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Deni ulilolitaja mwenyewe ni historia. Deni walilolivumbua ni uongo.

"Karatasi zenu ziko sawa?" Hapa kooperative nyingi bado zinayumba. Inchi yetu iliingia OHADA mwezi wa tisa 2012, na tangu hapo vyama vya ushirika vinafuata sheria ya pamoja iliyopitishwa Lomé mwezi wa 12 mwaka wa 2010. Sheria hiyo ina aina mbili: ile nyepesi, SCOOPS, inayohitaji angalau watu 5, na ile yenye halmashauri ya uongozi, COOP-CA, inayohitaji angalau watu 15. Kama bado mnatumia katiba ya zamani ya ASBL, msingoje mgeni awaulize. Shirika lisilo la faida na kooperative si kitu kimoja, na mkopeshaji anataka kujua nani kisheria atasaini na nani atalipa.

"Usalama je?" Jibuni kwa mambo yaliyo mkononi mwenu: kahawa inakaa depo siku ngapi, njia ya pili ni ipi, makuta yanaingia kidogokidogo kwa wiki. Msiahidi amani. Hamna uwezo wa kuitoa.

Na swali msilolijua jibu lake, semeni: "Sina namba hiyo hapa, nitaileta Ijumaa." Halafu Ijumaa mlete, hata kama inabidi kumtuma kijana kwa pikipiki mpaka mahali penye mtandao. Nimeona kooperative iliyoshindwa kujibu siku ya mkutano ikapata mkopo kwa sababu ya ile Ijumaa.

Kipande cha pili

Mwaka uliofuata kooperative ile ya Kalehe ilirudi Bukavu. Mzee yuleyule, suti ileile. Alisalimia kwa maneno mafupi, akasema kiasi wanachoomba na siku watakayorudisha, akasema pia bila kuulizwa kwamba msimu uliopita walikusanya kidogo kuliko miaka yote na kwa nini. Karatasi moja kubwa ilibandikwa ukutani kwa mkanda. Kisha akageuka: "Upande wa kilo, Mama atawaambia."

Mama alivaa kitenge kipya. Mikono ilikuwa inatetemeka, akaishika daftari kwa mikono miwili. Mmoja wa wale wa mikopo akauliza lile swali: kilo ngapi za serizi kwa kilo moja?

"Sita na nusu," akasema. "Lakini hiyo ni mwezi wa tatu na wa ine. Mwisho wa musimu serizi zinakuwaka nyepesi, nyingi zinaelea mu maji, inafika saba. Kwa ile hesabu ya kwa ukuta tulipiga saba, juu tusibadanganye."

Yule mtu akaacha kuandika, akamtazama, halafu akaandika tena. Akamuuliza anapima mara ngapi kwa siku, mizani inakaguliwa na nani, na mtu akileta serizi za kijani anafanya nini. Mama akajibu yote, la mwisho kwa kicheko: anazirudisha, hata za shemeji yake.

Walipewa nusu ya walichoomba, katika sehemu tatu, na sharti la kutuma kila Jumamosi kilo zilizopimwa na franga zilizotoka. Sehemu ya kwanza ilifika siku chache kabla ya serizi za kwanza. Ripoti ya kila Jumamosi anaituma Mama mwenyewe, kwa simu ya mtoto wake.